Kabla ya kupanda basi la Umra: maswali ya afya kuhusu Madina, Makka na milima ya Taif

Vikundi vya Umra vinavyotoka Dar es Salaam, Unguja na Mombasa hufundishwa tawafu (kuizunguka Kaaba) na sai (kutembea baina ya Safa na Marwa) mpaka watu wakariri. Habari za basi hazifundishwi, na basi ndilo linalowachosha wazee wetu. Madina hadi Makka ni kilomita zipatazo 450, saa tano au sita ukijumlisha kusimama Dhul-Hulayfa kuhirimia, yaani kutia nia ya Umra na kuvaa vazi lake. Baadaye wengi hupelekwa ziara ya Taif, mji wa milimani ulio zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Maswali haya nimeyakusanya kwa wanaojiandaa na kwa watoto wanaowapeleka wazazi wao.

Mama aliposhuka basi, viatu havikumwingia. Miguu kuvimba hivyo ni kawaida?

Ikiwa imevimba yote miwili, haiumi, na ikapungua baada ya kulala ameiinua juu ya mto, usiogope. Damu hurudi juu kwa kusukumwa na misuli ya kigimbi. Mtu akikaa saa tano bila kuichezesha, maji hujikusanya miguuni.

Wa kuogopa ni mguu mmoja uliovimba peke yake, una joto na unauma kwenye kigimbi. Hapo huenda damu imeganda kwenye mshipa wa ndani. Shirika la Afya Duniani limeonyesha kuwa safari ya kukaa kwa saa nne au zaidi huongeza hatari hii takriban mara mbili. Kwa mtu mwenye afya bado ni hatari ndogo. Lakini aliyefanyiwa upasuaji karibuni, mjamzito, mwenye saratani au aliyewahi kuganda damu amwone daktari kabla ya kusafiri. Donge hilo likipanda mapafuni, mtu huishiwa pumzi ghafla au kifua humchoma. Piga 997, ambulensi ya Hilali Nyekundu, hata kama basi liko katikati ya jangwa.

Kinga yake ni nyepesi. Kila nusu saa mwambie akanyage visigino chini na kuinua vidole, kisha ageuze, mara ishirini. Mwanamume aliyehirimia havai soksi, kwa hiyo soksi za kubana hazimsaidii hapo. Zoezi hili ndilo lake.

Bibi hataki kunywa maji njiani, anaogopa kubanwa na haja.

Hili ndilo kosa ninalolisikia kuliko yote, na linaniuma, maana wazee huona haya kumwambia dereva asimame. Matokeo yake ni kichwa kugonga, kizunguzungu wakati wa kushuka ngazi za basi, na mkojo wa rangi ya chai unaochoma. Basi lina kiyoyozi, hivyo hatoki jasho la kuonekana na kiu haimjii, lakini mwili unakauka. Anywe mafunda machache machache njia nzima. Wewe mtoto wake nenda kwa kiongozi wa msafara kabla basi halijaondoka, mkubaliane vituo. Kama anameza dawa ya presha inayokojoza, muulize daktari wake mapema aimeze saa ngapi siku ya safari. Asiiache kwa uamuzi wake mwenyewe.

Kama uwezo upo, treni ya Haramain iliyoanza mwaka 2018 huunganisha Madina na Makka kwa muda mfupi zaidi, na ndani ina choo.

Nilitapika njia nzima ya kupanda Taif. Ni ugonjwa wa mwinuko?

Hapana. Ugonjwa huo kwa kawaida huanza mtu akipita mita 2,500. Kilichokutapisha ni kona za barabara ya Al-Hada: sikio la ndani linasema tunazunguka, macho yaliyoinamia simu yanasema tumetulia. Kaa mbele, tazama mbali, kula kidogo kabla ya kuondoka. Dawa za kuzuia kutapika humezwa kabla ya safari, na nyingi huleta usingizi. Mzee aliyezimeza ashikwe mkono akishuka. Masikio yakiziba, tafuna kitu au meza mate.

Huko juu utakuta nyani kando ya barabara, na watu huwalisha ndizi kutoka mkononi. Usifanye hivyo. Aking'ata au kukukwaruza, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo kwa ajili ya chanjo ya kichaa cha mbwa.

Insulini niiweke wapi?

Kwenye mkoba wako wa mkononi. Usiiweke kwenye buti la basi, ambako joto huiharibu, wala isigusane na barafu.

Na maziwa ya ngamia yanayouzwa njiani?

Mabichi usinywe. Yanaweza kuleta homa ya brusela, na ngamia wanahusishwa pia na virusi vya MERS vinavyoshambulia mapafu.

Tumefika Makka saa nane usiku, kikundi kinataka kwenda tawafu hapo hapo. Baba ana miaka 74.

Muulizeni shekhe wenu, naye atawaambia kuwa aliyehirimia anaruhusiwa kupumzika kwanza. Alale saa tatu nne, aoge kwa sabuni isiyo na manukato, ale tende na supu. Apakwe mafuta mazito yasiyo na harufu mapajani, kwani michubuko ya kutembea bila nguo ya ndani huwasimamisha wanaume wengi katikati ya sai. Ndala zake zitiwe kwenye mfuko aende nazo ndani; zikipotea mlangoni, atarudi hotelini akikanyaga lami ya moto. Kama ana kisukari na miguu yenye ganzi, huenda asijue ameungua mpaka uzitazame nyayo zake jioni na kukuta malengelenge.