Gari linautambua ufunguo, lakini halijui uko wapi

Wateja wengi wanaotaka kinga ya wizi kwenye gari huanza kwa kuulizia king'ora. Wanataka kitu cha kupiga kelele. Huwa nawaambia kwamba king'ora hakizuii gari kuondoka, kinatangaza tu kwamba linaondoka, na watu wamezoea ving'ora vinavyolia kwa sababu paka ameruka juu ya boneti. Kinachozuia ni imobilaiza, yaani mfumo unaokataza injini kuwaka bila ufunguo unaotambuliwa na gari, na huenda gari lako linayo tayari.

Chukua ule ufunguo wa kawaida wenye kichwa cha plastiki. Ndani yake mna chipu ndogo isiyotumia betri. (Betri unayoibadilisha ni ya rimoti ya milango. Ikifa, injini bado itawaka.) Kuzunguka tundu la swichi kuna koili ya waya mwembamba. Ukizungusha ufunguo, koili hutoa mawimbi ya masafa ya chini, mara nyingi karibu kilohezi 125, na chipu hupata umeme wake humo humo. Gari hutuma namba iliyookotwa bila mpangilio. Chipu huichanganya na siri iliyohifadhiwa ndani yake, kisha hurudisha jibu. Upande wa gari nao umepiga hesabu ile ile. Majibu yakilingana, kompyuta ya injini inaruhusu mafuta na moto wa plagi. Yasipolingana, kwenye magari mengi stata itazunguka vizuri tu, pengine injini ishike kwa sekunde moja au mbili, halafu inazima. Kwenye dashibodi kuna taa yenye picha ya ufunguo au kufuli inayowaka na kuzimika. Nimeona gari likibadilishwa pampu ya mafuta, kumbe taa hiyo ilikuwa inasema kila kitu na hakuna aliyeitazama.

Uzuri wa mpango huu ni kwamba siri yenyewe haipiti hewani hata mara moja. Anayenasa mazungumzo anapata swali na jibu la mara hiyo tu. Kesho swali litakuwa jingine. Chipu za kizazi cha kwanza zilitaja namba ile ile kila siku, ndiyo maana zilinakilika kirahisi.

Umoja wa Ulaya ulilazimisha imobilaiza kwenye magari mapya kuanzia Oktoba 1998, Australia ikafuata 2001, Kanada 2007. Marekani haikuweka sharti hilo. Matokeo yake yalionekana wazi: aina nyingi za Kia na Hyundai zilizouzwa huko hadi mwaka 2021, zile za ufunguo wa kuzungusha, hazikuwa na imobilaiza. Vijana waligundua kwamba ukibandua kifuniko cha chini ya usukani unaweza kuzungusha swichi kwa kichwa cha waya wa USB, wakasambaza video TikTok, na wizi ukapanda kwa kasi. Kwa Kanada, ng'ambo ya mpaka, sheria ilikuwa imeshaufunga mlango huo.

Hesabu za chipu nazo zimewahi kuvunjwa. Mwaka 2005 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins na maabara ya RSA walionyesha kwamba chipu moja ya Texas Instruments, iliyokuwa na siri fupi ya biti 40 tu, inaweza kuigwa. Mwaka 2013 mahakama ya Uingereza ilizuia watafiti kuchapisha udhaifu wa Megamos, chipu nyingine ya funguo za magari. Matokeo yao yalitoka 2015. Habari nzuri kusoma, lakini siyo njia anayoisumbukia mwizi wa leo. Kwa nini avunje hesabu wakati anaweza kuizunguka?

Mlango wa kuizunguka tulimfungulia sisi wenyewe, kwa kutaka raha. Gari la kuwasha kwa kitufe huita ufunguo kwa mawimbi ya masafa ya chini yanayofika mita moja au mbili. Ufunguo ukisikia, hujibu kwa redio inayofika mbali zaidi. Gari likapata jibu sahihi linahitimisha kwamba mwenye ufunguo amesimama mlangoni. Hapo ndipo kosa lilipo: jibu linathibitisha kwamba ufunguo ni wa kweli, halithibitishi kwamba uko karibu. Wezi wawili, mmoja kando ya gari na mwingine karibu na nyumba yako, wanaurefusha mwito huo kwa vifaa vyao hadi uufikie ufunguo ulioachwa mezani. Watafiti wa ETH Zurich, chuo kikuu cha Uswisi, walijaribu hili kwa magari ya aina 10 kutoka kwa watengenezaji 8, wakachapisha mwaka 2011: yote yalidanganyika. Na injini ikishawaka haizimi ufunguo ukibaki nyuma, kwa sababu kuizima barabarani kungeua watu.

Dawa ya kweli ni gari kupima muda. Mawimbi ya redio husafiri kama sentimita 30 kwa nanosekunde moja, na kifaa cha kurefusha mwito kinaweza kuchelewesha jibu, hakiwezi kuliwahisha. Funguo mpya za redio ya bendi pana sana hufanya kipimo hicho. Nyingine hulala zikikaa bila kutikiswa. Kama wako hauna lolote kati ya hayo, uweke kwenye mfuko wa kuzuia mawimbi, na uujaribu mfuko huo: simama mlangoni pa gari, ufunguo ukiwa ndani ya mfuko, uone kama litafunguka. Mifuko mingine ni urembo.

Kuna njia nyingine tena. Mwaka 2023 Ken Tindell, mtaalamu wa usalama wa mitandao ya magari, alieleza jinsi Toyota RAV4 ya mwenzake Ian Tabor ilivyoibwa kupitia nyaya za taa ya mbele. Nyaya hizo zimeunganishwa na mtandao wa ndani wa gari, na kifaa cha wezi, kilichofichwa ndani ya spika ndogo ya kubeba, kilituma humo ujumbe kwamba ufunguo umekwisha kuthibitishwa. Injini iliamini. Kwa wizi wa namna hii mfuko hausaidii. Kinachosaidia ni namba ya siri ya kubonyeza kabla ya kuondoka, au katauti, yaani swichi ya kukata umeme, iliyofichwa mahali ambapo fundi mwingine hangepadhania. Katauti nyingi ninazozikuta zimefungwa chini ya usukani, mahali pa kwanza ambapo mwizi hupapasa.

Ukinunua gari lililotumika, mwambie fundi asome kwenye kompyuta ni funguo ngapi zimesajiliwa. Ukikabidhiwa mbili na kompyuta inasema tatu, futa zote usajili upya zile ulizo nazo.

Wengine huomba kifaa cha GPS kinachozima gari kwa simu. Nakifunga, ila nyaya naziunganisha upande wa stata ili kizuie kuwasha upya tu, kisiguse injini inayokimbia. Injini ikikatika ghafla, usukani unakuwa mzito na breki inapoteza nguvu ya kusaidiwa baada ya kukanyagwa mara chache, na anayekuwa mbele ya gari hilo hajaiba kitu.