Je, wajua kwa nini kulipia programu hakumaanishi kupewa msimbo chanzo?

Kampuni ndogo ya utalii jijini Arusha humlipa mtaalamu ayaandikie maombi ya wageni, ratiba za magari, majina ya wapagazi na hesabu za ada za hifadhi mfumo wake wa kompyuta. Mfumo ukikamilika, wafanyakazi huutumia kila siku na kila mtu huridhika. Siku mwenye kampuni anapotaka fundi mwingine aongeze kipengele kimoja tu, ndipo anapoambiwa kwamba hicho alichonacho hakibadilishiki, kwa sababu msimbo chanzo, ambao vijana wa kazi hii huuita sosi kodi, ulibaki kwa aliyeutengeneza. Swali lake ni la haki kabisa: si nimelipia?

Mkulima wa Marangu au Machame atalielewa jibu upesi. Kahawa iliyokaangwa na kusagwa inanyweka, lakini hata ukiizika shambani mvua yote ya masika haitaota. Mbegu inayoota ni ile ambayo haijapita motoni. Msimbo chanzo ndio mbegu hiyo: ni maandishi ambayo binadamu huyasoma na kuyahariri. Katika lugha nyingi za programu, maandishi hayo hutafsiriwa kuwa maagizo ya mashine kabla ya kufikishwa kwa mteja, na maagizo hayo hayarudishwi kuwa maandishi ya awali kwa ukamilifu. Majina yenye maana na maelezo ya mwandishi huwa yamekwisha kupotea njiani.

Upande wa sheria nao una sababu yake. Mkataba wa TRIPS kuhusu haki miliki, wa mwaka 1994, unaozihusu nchi wanachama wa Shirika la Biashara Duniani, Tanzania ikiwamo, unazilinda programu za kompyuta kama kazi za maandishi, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 inazitaja programu pamoja na vitabu na maandishi mengine. Kwa hiyo ruhusa ya kuutumia mfumo, kukabidhiwa mafaili ya msimbo, na kumiliki hakimiliki ni mambo matatu tofauti, na mkataba uliokaa kimya kuhusu lolote kati ya hayo ni mwanzo wa ugomvi. Mifumo mingi ya mtandaoni iliyoandikwa kwa lugha ya programu iitwayo PHP inaonyesha tofauti hiyo vizuri: seva, yaani kompyuta inayouendesha mfumo, huusoma msimbo kama ulivyoandikwa, hivyo mteja mwenye seva yake na nywila zake tayari anayo mafaili yote, lakini kuwa nayo peke yake hakumpi haki ya kumuuzia jirani yake mfumo huo.

Mtengenezaji anayesita kuutoa msimbo wake si lazima awe mtu mbaya. Mara nyingi ndani yake kuna sehemu alizoziandika miaka ya nyuma, ambazo huzitumia kwa kila mteja na ndizo mtaji wake wa kazi. Naona ni haki abaki nazo na ampe mteja leseni ya kudumu ya kuzitumia na kuzirekebisha, ilhali sehemu zilizoandikwa kwa ajili ya mteja huyo peke yake zikabidhiwe moja kwa moja. Lakini akiwa amechanganya ndani yake kazi ya wengine iliyo chini ya leseni ya programu huria iitwayo GPL, ambayo toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1989, basi anapomkabidhi mteja programu hiyo analazimika kumpatia na msimbo chanzo wake.

Hasara ya kuukosa msimbo huonekana pale mambo ya nje yanapobadilika. Julai 2016, huduma za utalii nchini zilianza kutozwa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18. Ikiwa kiwango cha kodi kimewekwa kwenye ukurasa wa mipangilio, karani hubadilisha namba na kuendelea na kazi. Ikiwa kimeandikwa ndani kabisa ya msimbo, kwenye mstari mmoja unaozidisha bei, kampuni yenye wageni wanaosubiri ankara itamtegemea mtu mmoja tu duniani, naye huenda amehama, anaumwa, au amefariki.

Kwa wasioaminiana bado, msimbo unaweza kuwekwa amana kwa mtu wa tatu, kwa mfano wakili, pamoja na masharti ya maandishi kwamba mteja ataupata mtengenezaji akifunga biashara au akishindwa kuuhudumia mfumo kwa muda uliotajwa. Iliyo bora zaidi, kwa maoni yangu, ni kuuweka tangu siku ya kwanza katika ghala la Git, programu inayotunza kumbukumbu ya mabadiliko ya msimbo, lililo chini ya akaunti ya mteja, ili kila badiliko lionekane na tarehe yake.

Hata hivyo, mafaili peke yake hayatoshi. Mhasibu wa chama kimoja cha akiba na mikopo cha Moshi aliwahi kuniletea flashi akasema, "Kaka, kila kitu kimo humu." Kweli msimbo ulikuwamo, mafaili mamia kwa mamia; lakini muundo wa kanzidata, yaani hifadhi ya taarifa za mfumo, haukuwamo, wala hapakuandikwa popote ni matoleo gani ya maktaba za programu, yaani vipande vya msimbo vilivyoandikwa tayari, yaliyotumika. Tulihangaika siku tatu tukibahatisha toleo la maktaba moja, na wanachama wakati huo walikuwa wakiandikiwa marejesho yao kwenye daftari.

Tangu hapo nimekuwa nikiwaomba wateja waweke kipengele kimoja katika mkataba: kabla ya awamu ya mwisho ya malipo, mtu ambaye hakuhusika na kazi apewe kompyuta tupu, msimbo, kanzidata ya majaribio na maelekezo yaliyoandikwa, kisha aujenge mfumo bila kumpigia simu mtengenezaji, mpaka utoe ankara inayolingana na ile ya ofisini hadi senti ya mwisho.