Jinja: bwawa lililotafuta wateja

Katika miaka yangu ya kuchunguza historia ya viwanda vya Jinja, nimeulizwa mara nyingi ni kwa nini mji wa gati la pamba uligeuka kuwa kitovu cha viwanda vya Uganda. Wengi hujibu kwamba ni kwa sababu ya mto Naili. Jibu hilo halitoshi, kwa maana mto ulikuwapo siku zote. Kilichobadilika ni kazi uliyopewa.

Hapo awali Naili ulikuwa kizuizi. Miamba, ambayo ndiyo iliyoupa mji jina lake, haikuruhusu vyombo kushuka kutoka Ziwa Victoria, na kwa hiyo mwaka 1912 ilifunguliwa reli ya Jinja hadi Namasagali, ili pamba ya upande wa Ziwa Kyoga ifikishwe Jinja na kupakiwa melini kwenda Kisumu. Daraja la reli la mwaka 1931 likaiwezesha treni kuvuka hadi Kampala.

Mageuzi makubwa yalikuja na bwawa la Owen Falls, ambalo leo tunaliita Nalubaale, lililofunguliwa na Malkia Elizabeth II tarehe 29 Aprili 1954. Maji yaliyopanda yaliyameza maporomoko ya Ripon, na mitambo 10 ilipangwa kutoa megawati 150, kiasi kilichozidi sana mahitaji ya nchi ya wakati ule. Hapa ndipo penye kiini cha historia ya Jinja: umeme ulitangulia, kisha wanunuzi wakatafutwa. Shirika la Maendeleo la Uganda, lililoundwa mwaka 1952, lilisaidia kuanzisha viwanda, kikiwamo kile cha nguo cha Nyanza. Shaba ya migodi ya Kilembe, magharibi mwa Uganda, ilisafirishwa kwa reli ya Kasese, iliyokamilika mwaka 1956, zaidi ya kilomita 400, ili iyeyushwe Jinja. Sijui mfano ulio wazi zaidi wa mzigo mzito uliofuata umeme ulipo.

Ikumbukwe kwamba baadhi ya viwanda tunavyoviita vya Jinja, kikiwamo hicho cha nguo, viko Njeru, ng'ambo ya magharibi, upande wa Buganda. Wafanyakazi, kwa upande wao, walijengewa nyumba katika mtaa wa Walukuba, Jinja, ambako watu wa makabila mengi waliishi ukuta kwa ukuta, na Kiswahili kikawafaa.

Hata hivyo, matumaini ya waliopanga bwawa, kwamba umeme ungevuta viwanda Jinja, yalikuwa na kasoro moja: umeme husafiri. Nyaya zilifika Kampala na Tororo, na kuanzia mwaka 1958 sehemu yake iliuzwa Kenya, hivyo kiwanda hakikulazimika kuhamia ukingoni mwa mto ili kiupate. Kufukuzwa kwa Waasia mwaka 1972, kwa muda wa siku 90, kuliwaondoa wenye mitaji na mafundi kutoka katika mji ambao tayari ulikuwa na udhaifu huo, na vipuri vikawa adimu. Ukarabati wa baadaye uliifikisha Nalubaale megawati 180, na umeme huo huondoka Jinja kwa nyaya zilezile.