Jasho lenyewe halinuki

Hapa Tanga, joto la Februari likikolea, utasikia mtu akiambiwa "jasho lako linanuka", na mwingine akimtetea: mwacheni, anatoa sumu mwilini. Wote wawili wamekosea, na anayeumia ni kijana anayeshusha samaki pale soko la samaki la Deep Sea, anaoga mara mbili kwa siku na bado anaitwa mchafu.

Jasho likitoka tu halina harufu. La usoni na mgongoni karibu lote ni maji na chumvi. Lambeni mdomo wa juu mtaionja. La kwapani ni jingine. Huko kuna tezi zinazoanza kazi mtu akibaleghe, zikitoa ute wenye mafuta na protini, nao pia haunuki. Wenye kuleta harufu ni bakteria wanaoishi kwenye ngozi, hasa Corynebacterium na Staphylococcus hominis: wanauvunjavunja ule ute na kuacha asidi na kemikali zenye salfa. Ndiyo maana mtoto wa miaka 6 hurudi kutoka kwenye mpira amelowa chapachapa, na kikwapa hana.

Sumu ni kazi ya ini na figo. Jasho hupoza mwili.

Na bakteria hao si uchafu, kila mtu anao. Kuoga huwapunguza tu. Shabu ya mawe waliyojipaka bibi zetu husaidia kweli, maana huwazuia kuzaliana. Nguo nayo ina sehemu yake: jezi ya poliesta hushika harufu kuliko fulana ya pamba, hata ikishafuliwa.