Utetezi wa imani na utesi wa imani

Jumapili iliyopita, watu walipokuwa wakitoka ibadani, kijana mmoja wa kwaya yetu alinishika mkono akanisimulia kwa furaha jinsi yeye na wenzake walivyokutana na vijana wa dini nyingine kwenye kijiwe cha bodaboda, "tukawafanyia utetezi wa imani, mwalimu, mpaka wakaondoka." Nilimpongeza kwa kuipenda imani yake, kisha nikarudi nyumbani nikiwa na maneno yale mawili ya mwisho kichwani. Si mara ya kwanza mwaka huu kuusikia utetezi wa imani ukipimwa kwa idadi ya watu walioondoka.

Maana yenyewe haihitaji maelezo mengi. Utetezi wa imani ni kazi ya kutoa sababu za imani ya Kikristo kwa mtu anayeiuliza, anayeitilia shaka au anayeishtaki, kwa hoja ambazo yeye mwenyewe anaweza kuzipima. Humo yanaingia maswali ya kila siku, kama lile la Kaini kumpata wapi mke wake, na maswali mazito, kama vile kwa nini Mungu aliye mwema anaacha watoto wafe, au inawezekanaje kumwita Mungu mmoja kwa jina la Baba, Mwana na Roho Mtakatifu. Katika vyuo vya theolojia kazi hiyo huitwa apolojetiki. Kama tatizo lingekuwa ni kutoijua maana hiyo, ningeishia hapa.

Neno apolojetiki limetoka katika Kigiriki, apologia, nalo ni neno la mahakamani. Katika mahakama za Athene mshitaki alisimama kwanza akatoa mashtaka yake, kisha mshitakiwa akasimama akatoa apologia, yaani hotuba ya kujinasua kwa maneno, kwa kuwa apo ni "kutoka" na logos ni "neno" au "hoja". Kila upande ulipimiwa muda kwa chungu cha maji chenye tundu upande wa chini, na maji yakiisha kutiririka nawe umekwisha kusema. Sokrate, mwanafalsafa wa mji huo, alitoa apologia yake mwaka 399 kabla ya Kristo, mbele ya baraza la raia wapatao 500, akiwa mzee wa miaka 70. Hoja zake zimesomwa hadi leo, lakini siku ile alishindwa kwa kura akanyweshwa sumu. Namtaja kwa makusudi, kwa sababu wapo wanaodhani kwamba jawabu lisilomnyamazisha mwulizaji halikuwa jawabu.

Waingereza nao walilichukua neno hilo, wakalitumia kwa muda katika maana ile ile ya kujitetea, lakini kuanzia karne ya 16 likaanza kuelemea upande wa majuto, hata leo kwao ni kuomba radhi. Ndiyo sababu nimewahi kuona tangazo la semina lililoahidi kuwafundisha vijana "kuomba radhi kwa ajili ya imani", na mzee mmoja wa kanisa akauliza, kwa haki kabisa, ni kosa gani tulilolitenda. Hilo ni kosa la mtafsiri aliyefungua kamusi isiyohusika, na linasameheka. Linaloniudhi ni lile jingine, ambalo halikutoka kwenye kamusi yoyote.

Tuanze na Biblia yetu ya Kiswahili. Waliotafsiri Union Version, iliyotoka mwaka 1952, walilikuta neno apologia na kitenzi chake mahali pengi katika Agano Jipya, nao hawakulipa tafsiri moja. Paulo anaposimama kwenye ngazi za ngome ya Yerusalemu, akiwa amefungwa minyororo, anawaambia watu waliotaka kumuua, "nisikilizeni, nikijitetea mbele yenu sasa." Anapowaandikia Wafilipi kutoka kifungoni anasema amewekwa "ili niitetee Injili". Anapomwandikia Timotheo juu ya kesi yake, neno lile lile linakuwa jawabu: "Katika jawabu langu la kwanza hakuna mtu aliyesimama upande wangu." Na katika waraka wa kwanza wa Petro, sura ya 3, mstari wa 15, ambao ndio mstari unaoandikwa kwenye fulana za semina zote hizi, neno hilo ni kujibu: "Mwe tayari siku zote kumjibu kila mtu awaulizaye habari za tumaini lililo ndani yenu, lakini kwa upole na kwa hofu."

Mara nyingi fulana huishia kwenye neno "ndani yenu". Nafasi ya kitambaa ni ndogo, nalielewa hilo, lakini sentensi yenyewe haijaisha pale, na kilichobaki ndicho kinachoeleza jinsi kazi inavyofanywa. Tena mstari huo unamtaja mtu ambaye tumezoea kumruka, yule aulizaye. Jawabu haliwezi kuwepo kabla ya swali. Anayesimama kijiweni akawajibu watu ambao hawakumwuliza kitu anafanya jambo jingine. Huenda anahubiri, na kuhubiri ni kazi njema yenye sheria zake, au huenda anachokoza.

Inafaa pia kuwaangalia walioandikiwa maneno hayo. Petro anawaandikia Wakristo waliotawanyika katika Ponto, Galatia, Kapadokia, Asia na Bithinia, na mistari michache kabla ya ule wa 15 alikuwa akisema na watumishi wenye mabwana wakali, kisha na wanawake walioolewa na waume wasioamini. Hao ndio anaowataka wawe tayari kujibu. Mtumwa aliyeulizwa jikoni na bwana wake kwa nini halipizi kisasi hakuwa na jukwaa wala kipaza sauti, na kama angejibu kwa kiburi angepigwa. Kuhusu wale wanawake, Petro anasema waume wao wavutwe kwa mwenendo, "pasipo lile Neno". Kwa hiyo katika barua hiyo hiyo inayoagiza kujibu, wapo walioelekezwa kutangulia kwa kunyamaza, na mume akiona kitu kisicho cha kawaida nyumbani mwake atauliza mwenyewe.

Sasa nije kwenye Kiswahili chetu, maana hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo. Kitenzi tetea kimetokana na teta. Kuteta ni kugombana kwa maneno, na pia ni kusengenya, ingawa magazeti ya siku hizi yamelipa neno hilo heshima mpya, hata Rais akikutana na mabalozi tunasoma kwamba "ateta nao". Ukikitia kitenzi hicho kauli ya kutendea unapata tetea, yaani kuteta kwa ajili ya mtu, kama vile kuombea ni kuomba kwa ajili ya mtu. Kutoka ombea tunapata mwombezi, na kutoka tetea tunapata mtetezi. Lakini teta yenyewe, bila ile kauli ya kutendea, nayo ina jina lake la mtendaji, na jina hilo ni mtesi, kwa mabadiliko yale yale ya sauti yanayomfanya anayefuata awe mfuasi. Mtesi ni mgomvi, mtu wa shari, na kazi yake ni utesi. Wengi siku hizi wakisoma katika Zaburi ya 23 kwamba meza imeandaliwa "machoni pa watesi wangu" wanawafikiria watesaji tu, watu wa mijeledi, lakini Kiswahili cha zamani kilimjua pia mtesi wa maneno.

Kwa hiyo tofauti kati ya mtetezi na mtesi, kwa mujibu wa lugha yenyewe, ni ile silabi moja inayoleta maana ya "kwa ajili ya". Wote wawili wanatumia maneno, na pengine maneno yale yale, lakini mmoja anayatumia kwa ajili ya mtu na mwingine anayatumia tu. Biblia ya Kiswahili inalitumia tetea kwa usahihi huo. Isaya anaagiza, "mteteeni mwanamke mjane." Ayubu, akiwa jivuni, anasema anajua ya kuwa Mteteaji wake yu hai. Na Yoashi, baba yake Gideoni, wanaume wa mji walipotaka mwanawe auawe kwa kuivunja madhabahu ya Baali, aliwauliza kama wao ndio wa kumtetea Baali, kisha akasema kwamba kama yeye ni mungu, na ajitetee mwenyewe. Sijawahi kusikia mahubiri mazuri ya kutosha juu ya mstari huo. (Iko pia tetea nyingine, ile ya kuku anayepiga kelele anapotaka kutaga. Hiyo haihusiani na habari hii, ijapokuwa kuna semina zilizonifanya niifikirie.)

Walioitwa watetezi wa imani katika historia ya Kanisa walikuwa, kwa sehemu kubwa, watu walioshtakiwa kwanza. Yustino, mzaliwa wa mji ambao leo ni Nablus, alimwandikia Kaisari Antonino Pio yapata mwaka 155, kwa sababu Wakristo walikuwa wakiuawa kwa jina lao tu, huku wakisingiziwa kwamba wanakula nyama ya watu na kwamba hawana Mungu, kwa kuwa hawakuabudu sanamu za miungu. Tertuliano wa Karthago, katika nchi ambayo leo ni Tunisia, aliandika utetezi wake mwaka 197, akalalamika kwamba mto Tiber ukifurika, au Nile usipofurika, kelele ni ile ile: Wakristo watupiwe simba. Mwafrika huyo alikuwa na ulimi mkali, sikatai, lakini aliandika kwa ajili ya watu waliokuwa wakifungwa na kuchinjwa, mbele ya watawala wenye uwezo wa kuwachinja zaidi.

Mfano ninaoupenda kuliko hiyo ni wa baadaye kidogo, na unafaa hasa kwetu tunaoishi nyumba kwa nyumba na Waislamu. Yapata mwaka 781, huko Baghdad, Khalifa al-Mahdi alizungumza kwa siku mbili na Timotheo wa Kwanza, patriaki, yaani askofu mkuu, wa Kanisa la Mashariki. Khalifa alianza na swali ambalo hadi leo linaulizwa Kariakoo na Mombasa: inakuwaje mtu mwenye elimu kama wewe useme kwamba Mungu alioa mke akazaa mwana? Timotheo hakukimbilia kuthibitisha kitu. Alijibu kwa kuuliza ni nani aliyewahi kumtolea Mungu kufuru kama hiyo. Kwa sentensi moja alikuwa amesimama upande mmoja na mwulizaji, kwa maana wote wawili waliona kwamba kumpa Mungu mke ni kufuru, na kutoka hapo ndipo alipoweza kueleza Wakristo humaanisha nini wanaposema Mwana, jinsi neno linavyotoka katika nafsi na mwanga katika jua bila ndoa wala mwili. Baadaye aliwafananisha watu wa dini mbalimbali na watu walio katika nyumba yenye giza usiku, lulu ikaanguka sakafuni, kila mmoja akaokota kitu gizani akidhani ndiyo lulu, mpaka kutakapokucha. Timotheo aliamini kwamba lulu anayo yeye, na alisema hivyo bila kuficha, lakini aliikubali hali ya giza wanayoshiriki wote. Khalifa hakubatizwa. Timotheo alirudi kwake kwa amani, akaendelea na kazi yake hadi alipofariki mwaka 823.

Nimetaja swali la watoto kufa, nami sitaki kulipita kana kwamba linajibiwa kama la Kaini. Lile la Kaini lina jawabu fupi: Mwanzo sura ya 5 inasema Adamu alizaa wana, waume kwa wake, basi mke wa Kaini alikuwa wa ukoo ule ule. Ukishasema hivyo umemaliza, hata kama msikilizaji hataridhika. Lakini miaka kadhaa iliyopita nilikuwa msibani, nimekaa kwenye mkeka karibu na mama aliyempoteza binti wa miaka sita, na mama yule akasema, bila kumtazama mtu, "Mungu alikuwa wapi?" Kijana mmoja aliyekuwa ametoka kusoma kozi fupi akamsogelea, akaanza kumweleza habari za hiari ya mwanadamu na ulimwengu ulioanguka. Hakukosea katika hoja hata moja. Bibi mmoja akamgusa bega akamwambia, "Baba, leta maji," akaenda kuleta maji, na huo ukawa mchango wake bora wa siku ile. Marafiki wa Ayubu walifanya vyema kwa siku saba mchana na usiku, walipoketi naye chini wasiseme neno. Walipoanza kumtetea Mungu ndipo walipoharibu, na mwishoni Mungu mwenyewe akawaambia kwamba hawakunena yaliyo sawa katika habari zake, kama alivyonena Ayubu aliyelalamika.

Kijana wetu wa kwaya nilimpata Jumatano, kwenye mazoezi. Sikumkemea, maana ana moyo mzuri na amesoma Biblia kuliko wengi wa rika lake. Nilimwambia tu kwamba Kiswahili hakituruhusu "kuwafanyia watu utetezi" na wakati huo huo kuwafukuza, kwa kuwa anayetetewa ni yule uliye upande wake. Kama aliitetea imani, basi aseme aliitetea imani, na wale vijana aseme aliwajibu. Kisha nikamwuliza walikuwa wamemwuliza nini. Alifikiri, akatabasamu, akasema atawatafuta awaulize.