Ridhaa ya mgonjwa: maana yake kando ya kitanda

Ridhaa ni ndugu wa radhi na kuridhika. Mzazi akikupa radhi zake, moyo wake umetulia juu yako. Ukimwomba mtu radhi, unataka atulie baada ya kuudhika. Ndiyo maana sipendi ridhaa ya mgonjwa ielezwe kwa neno "kukubali" tu. Mtu hukubali kwa kuchoka, kwa kuogopa, au kwa sababu daktari anaonekana ana haraka. Katika wadi za Nairobi kukubali kwa namna hiyo kuna neno lake, nalo ni "sawa". "Sawa, sista." "Sawa, daktari." Aliye na miaka michache kazini anajua kwamba "sawa" nyingi kati ya hizo ni heshima tu.

Kwa maana ya kazi yetu ya uuguzi, ridhaa ni ruhusa ambayo mgonjwa mwenye akili timamu anaitoa kwa hiari, akiwa ameelezwa na akaelewa atafanyiwa nini, kuna hatari gani, kuna njia nyingine zipi na nini kitafuata asipofanyiwa. Fomu huja baadaye, kuandika kilichokwisha kutokea.

Nieleze kwa kisa. Zamu ya usiku, wadi ya upasuaji, nina mafaili sita ya watu wanaoingia thieta, yaani chumba cha upasuaji, kesho. Wa tatu ni shosho mmoja, yaani bibi, anayeuza mboga sokoni, ana rovu, uvimbe wa shingoni, lililokua hadi linamsumbua kumeza. Fomu iko ndani ya faili, daktari amejaza sehemu yake, sahihi ya mgonjwa haipo. Kazi rahisi ni kumpa kalamu. Nikamwuliza, "Shosho, hebu niambie kwa maneno yako, kesho wanakufanyia nini?" Akasema, "Si ni ile sindano ya kutoa maji, kama ya siku ile?" Alikuwa amedungwa sindano kliniki, wakachukua majimaji ya uvimbe kwenda kupima, na kichwani mwake kesho ilikuwa marudio. Hakuna aliyemdanganya. Alielezwa kwa haraka, nusu Kiingereza, akasema sawa.

Nikaifunga kalamu, nikampigia daktari simu. Hapa ndipo wauguzi wengi wachanga hujikwaa. Anayefanya jambo ndiye mwenye kulieleza. Upasuaji huelezwa na atakayepasua, na dawa ya usingizi na atakayeitoa. Muuguzi akijitwika maelezo ya upasuaji ili kazi isonge, amebeba mzigo ambao hana ujuzi wake, na siku mambo yakiharibika ataulizwa. Lakini yaliyo mikononi mwake mwenyewe, kama kuchoma sindano, kuweka mpira wa mkojo au kuosha kidonda, ni lazima aombe ruhusa mwenyewe. Fomu haihitajiki hapo. Mgonjwa akikunja mkono wa shati apimwe presha, mkono umekwisha kusema. Ila mkono uliokunjwa kwa presha haujaruhusu kutolewa damu.

Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 imeligusa hili moja kwa moja. Kifungu cha 8 kinataka mgonjwa aelezwe hali yake, matibabu yaliyopo, faida, hatari, gharama na matokeo yake, pamoja na haki yake ya kukataa. Na aelezwe kwa lugha anayoielewa, kwa namna inayozingatia kiwango chake cha kusoma. Kifungu cha 9 ndicho cha ridhaa yenyewe. Hapo kwenye lugha ndipo Nairobi inapotuumbua. Katika wadi moja una anayeelewa Kikamba tu, wa Eastleigh anayetaka Kisomali, na kijana wa Sheng, lugha ya mtaani, anayeitikia kila kitu kwa "fiti". Mara nyingi tunamwita jamaa atafsiri. Inasaidia, lakini nimemwona mume akielezwa hatari tano na kumfikishia mkewe moja. Siku hizi natafuta mfanyakazi mwenzangu anayeijua lugha hiyo kabla ya kumwita jamaa.

Na kuhusu waume. Desturi ya kusubiri mume aje atie sahihi ili mke apasuliwe au afungwe mirija ya uzazi haijafa. Mwanamke mtu mzima mwenye akili timamu anajitolea ridhaa mwenyewe. Kumshirikisha mume ni vizuri kama mwenyewe anataka, lakini sahihi ya mume haiwezi kukaa mahali pa sahihi yake. Jamaa huingia pale mgonjwa hawezi kuamua: amezimia, au akili imevurugika. Kwa mtoto, mzazi au mlezi huamua, ingawa Katiba, ibara ya 53, inaweka maslahi ya mtoto mbele, hivyo mzazi anayekataa matibabu ya kuokoa maisha ya mwanawe anaweza kujikuta mbele ya hakimu.

Dharura ina njia yake. Kijana wa boda boda ameletwa kutoka Thika Road hajitambui, simu imepasuka, hakuna jamaa. Hapo hakuna kungoja sahihi ya mtu. Ibara ya 43 ya Katiba inasema hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura, na Sheria ya Afya inaruhusu kumtibu bila ridhaa pale kuchelewa kunaweza kumuua au kumwacha na madhara ya afya yasiyorekebishika. Lakini kuna sharti ambalo husahaulika: iwe mgonjwa hakuwa amekataa. Shahidi wa Yehova mtu mzima aliyekataa kuongezewa damu akiwa na fahamu zake hageuki kuwa "dharura" mara tu anapozimia. Ni vigumu kusimama hapo ukitazama, sitadai vinginevyo. Kazi ya muuguzi ni kuhakikisha daktari amejua, mgonjwa ameelezwa nini kinaweza kumpata, na kukataa kwake kumeandikwa na kutiwa sahihi.

Ridhaa pia hurudishwa. Mtu anaweza kutia sahihi jioni na asubuhi, akiwa juu ya machela mlangoni mwa thieta, akasema hataki tena. Hiyo fomu imekufa. Kwa kifupi nitaje pia wanafunzi: mgonjwa wa hospitali ya kufundishia hajaruhusu watu wanane wamzunguke akiwa hajajifunika. Anaulizwa.

Kesi inayofundishwa sana kuhusu jambo hili ni ya New York, 1914. Mary Schloendorff alikubali achunguzwe chini ya dawa ya usingizi, akasema hataki kupasuliwa. Alipasuliwa, uvimbe ukatolewa. Jaji Benjamin Cardozo akaandika kwamba kila mtu mzima mwenye akili timamu ana haki ya kuamua mwili wake utafanywa nini. Wanaoinukuu hawataji kwamba mama huyo alishindwa, kwa kuwa mahakama iliona hospitali ile ya hisani haibebi kosa la madaktari wake. Wala hawamtaji nesi wa usiku, ambaye mgonjwa alimwambia kwamba hatapasuliwa. Mahakama haikumlaumu. Kesi ile haitufungi sisi Kenya, lakini mimi husimama kwa nesi huyo kila ninapoifundisha. Sioni angejitetea vipi leo. Kumgusa mtu bila ridhaa kunaweza kukufanya ushtakiwe hata kama matibabu yenyewe yalimfaa, na mbali na mahakama kuna Baraza la Wauguzi, lenye uwezo wa kusimamisha leseni yako.

Daktari alikuja saa tatu kasoro usiku huo, akavuta kiti, akaeleza kwa Kiswahili cha sokoni: shingo itakatwa hapa, kovu litabaki, huenda ukameza tembe maisha yako yote. Alipofika kwenye sauti, kwamba mshipa wa fahamu unaoiongoza uko karibu na unaweza kuumia, shosho alimkatiza. "Sauti? Mimi naita wateja kwa sauti." Waliongea zaidi ya nusu saa. Akaomba asitie sahihi mpaka bintiye aje asubuhi, ajue soko litasimamiwa na nani. Nikaandika kwenye faili saa, aliyoelezwa, aliyouliza, na kwamba bado hajatoa ridhaa. Jina lake likatolewa kwenye orodha ya siku hiyo, na daktari akanung'unika kidogo. Alipasuliwa siku nne baadaye.