Mrukashina si panzi, wala si mrukajani

Likionekana doa la mviringo la mpunga mkavu katikati ya jaruba, maelezo yanayoambatana na picha yake karibu kila mara husema "panzi wamevamia". Panzi hawezi kuacha doa la namna hiyo. Panzi ana taya, hutafuna, na jani alilolila hubaki na kingo zilizokatwakatwa. Kwenye picha hizo majani ni mazima, hayana hata tundu, ila yamekauka kana kwamba yamepitiwa na moto. Aliyeyakausha ni mdudu asiye na taya, mwenye urefu usiozidi milimita 5, na majani hayo pengine hakuyagusa kabisa. Alikaa chini, kwenye mashina, karibu na maji.

Huyo ndiye ninayemwita hapa mrukashina: mdudu wa familia ya Delphacidae, katika oda ya Hemiptera waliko pia vidukari, nzi weupe na kunguni. Ana mdomo wa sindano anaouchoma kwenye ala ya jani, yaani sehemu ya chini ya jani inayolizunguka shina, akanyonya maji ya sukari yanayopita katika mirija ya floemu. Wengi wa familia hii huishi kwenye nyasi, na mpunga ni nyasi. Barani Asia wanaotajwa zaidi kwenye mpunga ni watatu: Nilaparvata lugens wa kahawia, Sogatella furcifera mwenye mstari mweupe mgongoni, na Laodelphax striatellus aliye mdogo kidogo. Amerika yupo Tagosodes orizicolus, anayeeneza virusi vya ugonjwa wa jani jeupe.

Kosa la panzi ni rahisi kusahihisha. Kosa gumu ni la wale wanaojua kuwa mdudu huyu hunyonya, kisha wakamwita mrukajani, yaani wa familia ya Cicadellidae. Wote wawili ni wadogo, wote wanaruka, wote hukunja mabawa kama paa la nyumba, na wote huanguka majini ukigonga shada moja la mpunga. Hata hivyo ni koo mbili zilizotengana zamani sana, na alama za kuwatenganisha zipo wazi kwa yeyote mwenye kioo cha kukuzia mara 10.

Anza na mguu wa nyuma. Tafuta muundi, ile sehemu ndefu iliyo kati ya paja na kikanyagio. Kwa mrukajani, muundi umejaa safu za miiba midogo iliyopangika kuanzia juu hadi chini. Kwa mrukashina wa Delphacidae, muundi una miiba miwili mitatu tu pembeni, lakini mwisho wake, pale unapokutana na kikanyagio, kuna kipi kama cha jogoo: kipana, mara nyingi chenye meno madogo ukingoni, na kinachocheza ukikigusa kwa ncha ya sindano. Kule kucheza ndiko muhimu. Mwiba wa kawaida umeota ukakaza. Kipi kina kiungo chake. Hakuna mrukajani mwenye kipi hicho. Hata koo nyingine zinazohusiana na warukashina, kama Nisia mweupe mwenye unga anayepatikana kwenye ndago ndani ya majaruba, hazina. Ukikiona, umefika kwenye Delphacidae, na hoja ya mrukajani imeisha.

Kisha tazama kichwa. Papasio la mrukashina limeota chini ya jicho, ubavuni mwa shavu, na pingili yake ya pili imevimba na ina vipele vidogo. Unywele mwembamba hutokea kwenye ncha ya uvimbe huo. Papasio la mrukajani ni unywele tu, nalo limeota mbele, kati ya macho. Kwa mdudu aliyekufa na kupoteza miguu, jambo linalotokea mara nyingi kwenye mitego ya taa, papasio ndilo linalookoa utambuzi.

Rangi haifai kuwa alama ya kwanza. Wengi hushika kanuni kwamba wa kijani ni mrukajani na wa kahawia ni mrukashina. Ni kweli kwamba Nephotettix, mrukajani maarufu wa mpunga, ni wa kijani. Lakini kwenye mpunga huo huo yuko Maiestas dorsalis, mrukajani mwenye mistari ya kahawia iliyopindapinda juu ya mabawa, naye akitazamwa kwa haraka huandikwa kuwa mrukashina wa kahawia. Upande wa pili, kuna warukashina wengi wa nyasi wenye rangi ya majani makavu, ya manjano au nyeusi. Tena mdudu aliyehifadhiwa kwenye pombe ya asilimia 70 hupauka, na hapo kanuni ya rangi hukosa hata kitu cha kushika.

Tofauti hii si ya vitabuni tu. Virusi viwili vinavyosababisha ugonjwa wa tungro huenezwa na warukajani, hasa Nephotettix virescens. Mdudu huvichukua kwa muda mfupi, huvieneza kwa siku chache, kisha huvipoteza mpaka anyonye tena mmea mgonjwa. Virusi vya kudumaza mpunga vinavyobebwa na Nilaparvata huingia mwilini mwa mdudu, huzaliana humo, na hukaa naye hadi afe. Anayeripoti "warukajani wengi" akiwa na Nilaparvata mkononi amemwelekeza mwenzake kwenye ugonjwa usiohusika. Na kwa kuwa mrukajani hukaa zaidi kwenye majani ya juu, atakayesoma ripoti hiyo atakagua juu na kupulizia juu, ilhali wadudu wako sentimita chache kutoka usawa wa maji, wamefunikwa na majani.

Ndani ya warukashina wenyewe kuna kazi nyingine. Mdudu mwenye mabawa kamili wa Sogatella furcifera ana mstari mweupe au wa manjano hafifu katikati ya mgongo, kati ya vitako vya mabawa, na doa jeusi kwenye ukingo wa kila bawa la mbele. Dume wa Laodelphax striatellus ana mgongo mweusi unaong'aa, lakini jike wake amepauka, na jike huyo ndiye anayewapoteza watu. Nilaparvata ana alama nzuri ambayo wachache huitafuta: kwenye pingili ya kwanza ya kikanyagio cha nyuma, chini tu ya kipi, kuna mwiba mmoja au zaidi uliotokeza ubavuni. Sogatella na Laodelphax hawana. Lakini alama hiyo ni ya jenasi nzima, si ya lugens peke yake. Nilaparvata bakeri na Nilaparvata muiri wanayo pia, na hao makazi yao ni nyasi ya Leersia hexandra inayoota kwenye mifereji na kingo za majaruba. Vivyo hivyo mstari mweupe mgongoni si mali ya furcifera pekee. Zipo Sogatella nyingine za kwenye nyasi zinazofanana naye.

Kwa hiyo mdudu aliyekamatwa kwenye nyasi za ukingoni si lazima awe yule anayeunguza mpunga, hata akifanana naye kwa kila kinachoonekana. Uthibitisho wa spishi uko kwenye viungo vya uzazi vya dume. Hukatwa ncha ya tumbo, ikalainishwa kwenye mmumunyo wa potasi kali wa asilimia 10 mpaka nyama iyeyuke na ganda libaki, kisha hutazamwa kwa nyuma chini ya hadubini ili kuona umbo la vishikio. Majike peke yao mara nyingi hayatoshi, na tunutu, yaani wadudu wachanga, hutosha mara chache zaidi. Ukipeleka sampuli maabara, hakikisha kuna madume.

Jambo jingine linalochanganya ni mabawa. Spishi ile ile hutoa watu wazima wa namna mbili: wenye mabawa marefu wanaohama, na wenye mabawa mafupi yasiyofika mwisho wa tumbo, ambao hubaki na kuzaa. Hao wa mabawa mafupi huandikwa kuwa tunutu. Mabawa ya tunutu ni vikonyo tu vilivyolala mgongoni, na viungo vyake vya uzazi havijakamilika. Jike mwenye mabawa mafupi ana tumbo nene na kifaa cha kutagia kinachoonekana chini yake. Kumhesabu kama mtoto ni hatari, kwa kuwa yeye ndiye anayeingiza mayai ndani ya ala za majani hivi sasa.

Kuwapata ni kazi ndogo. Inamisha shada la mpunga, ligonge kwa kiganja mara mbili tatu karibu na chini, kisha tazama juu ya maji au kwenye sinia jeupe uliloweka hapo. Rudia kwenye mashada 10 hadi 20 ukikata shamba kwa mshazari, maana wadudu hawa hukusanyika sehemu sehemu na shada moja hudanganya. Wakiwa mmoja kwa kila shina au pungufu, bado kuna nafasi ya kufuatilia bila haraka. Na usihesabu kila kinachoanguka. Cyrtorhinus lividipennis, mdudu mdogo wa kijani na mweusi, huanguka pamoja nao, naye hula mayai yao. Buibui nao huanguka. Dawa inayowaua hao na kuyaacha mayai salama ndani ya ala huwarudisha warukashina wengi kuliko mwanzo. Indonesia ilipiga marufuku aina 57 za viuadudu kwenye mpunga mwaka 1986 kwa sababu hiyo.

Aina za mpunga zenye ukinzani nazo hulaumiwa bure kwa jina lililokosewa. IR26, iliyotolewa mwaka 1973, ilibeba jeni ya Bph1 dhidi ya Nilaparvata lugens. Ilishindwa baada ya miaka michache pale wadudu wa spishi hiyo hiyo walipoizoea, na hilo lilikuwa kushindwa kwa kweli. Ila jeni ya Bph si ukinzani dhidi ya kila mrukashina. Shamba la aina hiyo likijaa Sogatella furcifera, jeni haijashindwa. Haikuwekwa kwa ajili yake.

Basi ukiliona duara lile, tazama kwanza chini. Ukikuta magamba meupe ya tunutu yakielea, utamu unaonata mashinani na ukungu mweusi juu yake, andika "kuungua kwa warukashina". Usiuite ugonjwa, kwani mmea umenyonywa tu, haujaambukizwa. Virusi vikiwepo, ni habari ya pili yenye dalili zake. Ukiona kipi, andika Delphacidae. Ukiona na mwiba kwenye kikanyagio, andika Nilaparvata. Jina la lugens liache mpaka dume apite chini ya hadubini.